Pengo Kwenye Ua wa Michongoma

Mume wangu alipotea asubuhi, jua limeshatoka, na watu wengi walimwona akipita. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Mpaka leo jambo hilo hunipandisha hasira nikilikumbuka.

Nilikuwa nimemwacha barazani, ameketi kwenye kiti chake, amevaa sweta la kijivu na buti zake za polisi ambazo alikataa kuzivua tangu ugonjwa wa kusahau ulipomshika vizuri. Niliingia jikoni kukoroga uji. Nilipotoka na kikombe, kiti kilikuwa kitupu. Geti lilikuwa limefungwa vilevile nilivyolifunga. Nilizunguka nyumba, nikachungulia chooni, nikachungulia banda la kuku. Kisha nikaona nyayo za buti kwenye matope, zikielekea nyuma ya nyumba, mahali ambapo ua ulikuwa na pengo.

Mtaa wetu uko chini ya mji wa Nyeri, upande unaoteremka kuelekea Mto Chania. Ni nyumba ndogondogo za mawe, za zamani, na upande wote wa chini umezungukwa na ua wa michongoma, ile miti yenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Watu wa hapa huiita kaiyaba. Wanasema zamani hata paka hakuweza kupenya. Sisi tulipohamia, ua ulikuwa umeachwa ujifie. Kwa vile haukuwahi kupunguzwa kwa miaka mingi, ulikuwa umerefuka juu na kukonda chini, kama mtu aliyevaa kofia kubwa na hana suruali. Magugu ya lantana yalikuwa yameupanda. Palipokufa mti, mtu aliziba kwa bati lenye kutu au kwa springi za kitanda. Na nyuma ya nyumba yetu palikuwa na pengo ambalo pikipiki ingeweza kupita. Na pikipiki zilipita, kutwa nzima.

Mimi na mume wangu si wa huku kwa asili. Tumetoka magharibi, upande wa Kakamega. Yeye alikuja kwa kazi ya polisi, akahamishwa Sagana, akahamishwa Doldol, mwishowe Nyeri, na mimi nikamfuata na chaki yangu kutoka shule moja hadi nyingine. Alipostaafu tukaona tumeshazoea baridi hii, tukabaki. Majirani walimwita Afande. Mimi waliniita Mwalimu.

Alipatikana alasiri. Mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe karibu na mto alimkuta ameketi kwenye matope, buti moja haipo, mikono imechanwachanwa. Alipomwuliza anafanya nini pale, mume wangu alimjibu kwa heshima kabisa kwamba anangoja lori la kwenda Doldol, kuna ng'ombe wameibiwa. Mama yule alimfunika kwa leso yake, akamshika mkono, akampandisha kilima chote kile taratibu. Sikuwa nimemjua kabla ya siku hiyo.

Lakini walionijua ndio walionikasirisha. Tulipokuwa tukipita naye, mmoja baada ya mwingine akasimama mlangoni.

"Pole, Mwalimu. Nilimwona asubuhi, nikadhani anajinyoosha miguu tu."

"Alipita hapa kwa pengo. Hata nilimsalimia."

Nilimsalimia! Mtu mzima, mgonjwa, ukungu haujaisha, anapenya kwenye miiba akielekea mtoni, na wewe unamsalimia na kuendelea kuosha sufuria.

Jioni wakaja watu wa kanisani kutupa pole. Walikunywa chai, wakaomba, halafu wakaanza kunishauri. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia ninunue kufuli nzuri. "Mfungie ndani, Mwalimu. Si kwa ubaya. Ni kwa usalama yake." Mama mmoja akaitikia, akasema hata shangazi yake walimfungia, wakamwachia redio, na alikuwa ametulia tu.

Nikawauliza, "Na mbona hakuna anayesema tuzibe pengo?"

Wakatazamana. Yule mzee akacheka kidogo. "Pengo? Aa, hiyo ni njia ya watu, Mwalimu. Imekuwa hapo siku zote."

Niliwaambia mume wangu si kuku. Nikasimama nikaanza kukusanya vikombe, hata vile ambavyo havijamalizwa, na wageni wakaelewa.

Kesho yake nilimfunga mume wangu mkanda wa leso kiunoni, nikaushikiza kwenye kiti karibu na mimi, nami nikaingia kwenye ua na panga. Sikujua ninafanya nini. Nilikatakata ovyo. Nilivuta springi ya kitanda mpaka ikanirukia, nikachomwa na miiba kwenye viganja na kwenye shavu, na kila nilipochomwa nilikata kwa nguvu zaidi. Nadhani nilikuwa nikimkata yule mzee wa kanisa.

"We Mwalimu! Unaua miti ama unaponya?"

Aliyesema hivyo ni jirani yangu wa upande wa kushoto, bibi ambaye mtaa wote humwita Shosho, yaani nyanya, lakini si kwa mapenzi. Alikuwa na ulimi mkali kuliko miiba ile. Aligombana na wauza maziwa, aligombana na mchungaji, na mimi mwenyewe alikuwa hajanisalimia tangu kuku wangu walipoingia kwenye sukumawiki zake. Alisimama kwenye upande wake wa ua, mikono kiunoni, gumbuti miguuni.

"Nataka kuziba hapa," nikasema. "Sitaki mtu apite tena."

"Kwa kukata matawi juujuu hivyo? Hii kaiyaba ukitaka ishikane huku chini, unaikata mpaka hapa." Akajigusa gotini. "Yote. Unaionea huruma, inakuonea wewe. Halafu inachipuka na hasira."

Nilikuwa nimechoka na nilitaka kumpendeza, kwa hiyo nikasema neno ambalo nilidhani halina ubaya. Nikasema inasikitisha kwamba ua mzuri hivi, uliopandwa na wazungu, umeachwa ukaharibika.

Shosho akavuka. Akapita kwenye lile pengo, akaja akasimama mbele yangu karibu sana.

"Wazungu gani?" akasema. "Ulishaona mzungu amepiga magoti akipanda kaiyaba? Mama yangu ndiye alipanda hii. Mama yangu na wanawake wengine, wakati ya vita ya msituni, wakitolewa kijijini asubuhi na kurudishwa jioni, soja amesimama juu yao na kiboko. Nyumba ni ya wazungu, ndio. Ua ni ya mama yangu. Mimi nilikuwa mdogo, nililala kwa gunia kando ya mtaro wakichimba. Usiniambie tena mambo ya wazungu."

Nilimwomba msamaha. Alininyang'anya panga, akapima ukali wake kwa kidole gumba, akaguna kwa dharau, akaenda kuleta lake.

Tulikata pamoja mpaka jua likawa kali. Niliwaza kuhusu wanawake wale na nikahisi hasira yangu ikitanuka, ikitoka kwa watu wa sufuria na kufuli na kwenda mbali zaidi, kwa watu ambao sitawaona kamwe. Nilimwuliza, baadaye, tulipoketi kunywa maji, kama haimuumi kuutunza ua uliopandwa kwa namna ile.

"Inaniuma ikioza," akasema.

Kuanzia hapo watu walianza kujitokeza. Sijui kwa nini. Labda ni aibu ya kuona wanawake wawili wazee wakitoka damu kila asubuhi. Fundi wa viatu alikuja na shoka. Askari magereza mmoja, kijana anayetoka Machakos, akaja siku yake ya mapumziko na kamba. Hata yule mama wa shangazi na redio alikuja, amevaa glavu za jikoni, na sikumfukuza, ingawa nilitaka.

Ugumu haukuwa miti. Ulikuwa uchafu. Ukikata lantana unakutana na miaka ya watu: chupa, nepi za watoto, viatu, waya, mifuko ya nailoni iliyooza nusu ikashikana na mizizi mpaka hujui ipi ni mizizi. Harufu ilikuwa ya kutapisha. Kila tulipokaribia nyuma ya maghorofa mapya, uchafu uliongezeka. Maghorofa hayo yalijengwa ng'ambo ya ua, upande wa mto, na mwenyewe ni mtu aliyezaliwa mtaani humuhumu, akaenda Nairobi, akarudi na gari kubwa. Alijaza wapangaji kila ghorofa lakini vyoo havikuwatosha, na hakuwachimbia hata shimo la taka. Basi wakawa wanatupa nyuma, juu ya ua. Na ni yeye aliyelipanua lile pengo, ili wapangaji wake wafike barabarani haraka, maana lango lake mwenyewe linatazama njia ya mzunguko mrefu.

Tulijaza magunia na kuyapanga kando, tukiwa bado tunashauriana tuyapeleke wapi.

Sitaki mtu afikiri Shosho alijua kila kitu. Alitulazimisha kupanda miche mapema, akisema anasikia mvua kwenye magoti yake. Miche tulikuwa tumeitoa chini ya miti yenyewe, ile iliyoota kwa mbegu za matunda yaliyoanguka. Tukapanda safu mbili, za kupishana, na samadi ya ng'ombe. Mvua haikuja. Tulibeba maji kwa ndoo, na bado mingi ikakauka. Nilipomwambia magoti yake yametudanganya, alikataa kuzungumza nami mpaka mvua ya masika iliponyesha kweli, na tukapanda tena. Wakati tukingoja miche ikue, tuliziba pengo kwa nguzo na matawi makavu ya miiba.

Siku iliyofuata, asubuhi na mapema, nilisikia mtu akilalamika kwa sauti nyuma ya nyumba. Nilitoka nikamkuta mwanamke mmoja kati ya wapangaji wa ghorofani, dada anayefua mashuka hospitalini. Alikuwa upande wa pili wa matawi, mkoba kichwani kwa sababu ya manyunyu.

"Mwalimu, ni nyinyi mmefunga hapa?"

"Ndiyo, ni sisi."

"Na mimi nipitie wapi? Naingia kazi saa kumi na mbili. Nikizunguka kule juu nachelewa, nikichelewa nakatwa. Mnajua kuna watu wanatembea kwa miguu ama mnajua maua tu?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mume wangu angekufa kwa sababu ya njia yake ya mkato. Naye akanijibu kwamba si yeye aliyetoboa ua, aliikuta njia iko hapo kama alivyoukuta mtaa, na kwamba mume wake yeye alishakufa na hakuna aliyemjengea ua. Tukasimama hivyo, miiba katikati yetu. Kisha akaondoka kuelekea mzunguko mrefu, akikimbia, viatu vikirusha maji.

Nilimkasirikia siku nzima. Jioni nikatambua kwamba kinachoniudhi hasa ni kwamba alikuwa na haki. Nilimweleza Shosho kwamba tutaweka kilango, kidogo, chenye komeo la kuinua kutoka upande wa ndani na wa nje, komeo ambalo mtu mwenye akili timamu atalifungua kwa urahisi na mume wangu hataliweza. Shosho akaniita mwoga. Akasema ua wenye mlango ni kama mdomo wenye pengo la meno. Lakini fundi wa viatu, ambaye pia ni fundi wa kila kitu, alikitengeneza kwa mbao za masalio, na tukakiweka. Nilimwonyesha yule dada namna ya kuliinua komeo. Hakunishukuru, na sikutaka anishukuru. Alijaribu mara mbili, akapita, akakifunga nyuma yake.

Basi miche ikashika. Mashina ya zamani tuliyoyakata yakaanza kutoa machipukizi, mengi, mekundumekundu kwenye ncha. Jioni nilikuwa nikimtembeza mume wangu kando ya ua, namshika mkono, naye anakagua kama anakagua gwaride. Siku nyingine alinijua. Siku nyingine aliniuliza mimi ni wa kituo gani.

Ikaja Jumapili moja. Tulikuwa kanisani. Tuliporudi niliona kitu kama unyevu kwenye majani, na harufu ya dawa. Sikuelewa. Siku chache baadaye majani yakageuka manjano, kisha kahawia, kuanzia nyuma ya maghorofa hadi karibu na kilango. Miche ikainama. Machipukizi ya mashina ya zamani yakajikunja kama vidole vilivyoungua.

Ni yule dada wa mashuka aliyekuja kuniambia. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Soja wa landilodi wetu ndiye alipulizia. Nilimwona na bomba mgongoni. Alisema ametumwa. Ati gari haitapata mahali pa kupita ua ikikua."

"Gari? Gari gani?"

"Anataka kufungua barabara hapa. Apitishe magari kwa mtaa yenu."

Sikumbuki kuvaa viatu. Ninakumbuka kwamba Shosho alikuwa amenifikia kabla sijafika kwenye lango la maghorofa, anatembea kwa fimbo na kuhema, na sijui nani alimwambia. Tulimkuta landilodi mwenyewe uani kwake, akioshewa gari.

"Madam, karibu," akasema. "Shosho, karibu. Mtakunywa chai?"

"Sikuja kunywa chai. Ulimtuma mtu apulizie dawa kwenye ua wetu?"

"Nilimtuma apulizie magugu."

"Yale hayakuwa magugu. Ni miche tuliyoipanda kwa mikono yetu. Ulituona tukiipanda."

Akatabasamu. Akajipangusa mikono kwa kitambaa cha gari. "Sasa, Madam, tusikosane. Wewe ni mwalimu, unaelewa maendeleo. Hiyo vichaka ni mambo ya kizamani. Na tena, bila kukuvunjia heshima, wewe si mtu wa hapa. Siku moja mtarudi kwenu, wewe na mzee. Sisi tutabaki. Kwa nini unajichosha na ua ya wenyewe?"

Nimeishi huku zaidi ya nusu ya maisha yangu. Nimewafundisha kuandika majina yao watu ambao sasa wana wajukuu. Nilijua siku moja mtu ataniambia neno hilo usoni, na nilikuwa nimejiandalia jibu, jibu zuri, la mtu aliyesoma. Halikuja. Maneno yote yaliyonijia yalikuwa ya lugha ya mama yangu na yote yalikuwa matusi.

Shosho ndiye aliyesema. "Ua ni ya wenyewe. Ni kweli. Mwenyewe ni nani? Nyanya yako alikuwa kwa ile mtaro. Yeye na mama yangu, bega kwa bega. Alipigwa mpaka sikio moja ikafa. Wewe ulikuwa unamchezea, unaongea kwa ile sikio mbaya ndio asisikie. Unakumbuka?"

Yule mtu akatazama simu yake. "Shosho, hayo ni mambo ya kitambo. Watu walisahau."

"Mume wa huyu amesahau kwa sababu ni mgonjwa," Shosho akasema. "Wewe unaumwa na nini?"

Yule mtu akageukia gari lake. Alimwambia aliyekuwa akiosha gari aongeze sabuni. Tuliondoka pale hatujapata hata neno la samahani. Nilidhani maneno ya Shosho yangemchoma mtu yeyote mwenye damu mwilini. Sikuwa nimekutana na mtu ambaye hachomeki.

Tulimwita naibu wa chifu. Alikuja, akakagua, akasikitika, akanywa chai kwangu, akanywa soda kwa mwenye maghorofa, akatuambia tukae chini tuelewane kama majirani. Nilimwuliza nikae chini wapi, juu ya miche iliyokufa? Akasema mama, hasira ni hasara. Nimeusikia msemo huo tangu utotoni, na nimegundua kwamba husemwa zaidi na watu ambao hawajaumizwa.

Wapangaji ndio waliolimaliza jambo lile. Jumamosi asubuhi nilisikia kishindo cha miguu, nikatoka. Yule dada wa mashuka alikuwa ameinua komeo la kilango na kukiacha wazi, na nyuma yake walikuwa wapangaji wenzake, wanaume kwa wanawake. Hakunisalimia. Alielekeza kidole kwenye yale magunia ya taka ambayo bado yalikuwa yamepangwa kando ya ua.

"Mwalimu, hii ni ya kwetu," akasema. "Tumekuja kuichukua."

"Mnaipeleka wapi?"

"Kwa mwenye kutunyima shimo."

Wakayabeba. Na sisi tukayabeba. Fundi wa viatu alibeba mawili. Shosho hakuweza kubeba gunia, akabeba springi ya kitanda, akaiburuta njia nzima ikipiga kelele kwenye mawe. Tulizunguka ule mzunguko mrefu wote mpaka kwenye lango lake la mbele, lile lenye rangi ya dhahabu, tukayapanga pale, moja juu ya jingine, mpaka gari lake likawa haliwezi kuingia wala kutoka. Magunia mengine yalikuwa yamepasuka. Nepi za miaka zikamwagika kwenye vigae vyake. Soja wake alisimama akitazama, na nina hakika alikuwa akizuia kicheko.

Mwenyewe akatoka kwenye roshani na kanzu ya kulalia. Akapiga kelele kwamba ataita polisi.

"Waite!" yule dada akampigia ukelele. "Waje wahesabu vyoo pia!"

Ninajua sipaswi kusema hivi, mtu wa umri wangu na wa kanisani. Lakini sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na ilikuwa furaha iliyojaa hasira mpaka pomoni. Nilirusha gunia langu kwa nguvu zangu zote. Nilimrushia kwa ajili ya neno lake la "kwenu". Nilimrushia kwa ajili ya buti ya mume wangu iliyobaki mtoni.

Harufu ilimshinda kabla ya sheria. Alichimba shimo, akajenga kizimba cha taka chenye mlango. Habari za barabara zikaisha kimyakimya. Hakuomba msamaha, na tukikutana barabarani ananipungia mkono kana kwamba hakuna kilichotokea, nami siupungi wangu.

Ua haukurudi wote. Miche mingi iliyopigwa dawa ilikufa na ikabidi kupanda upya, na sehemu moja ardhi ilikataa kabisa, tukaweka seng'enge. Lakini mashina ya zamani, yale ya mama yake Shosho na wenzake, yalitoa machipukizi tena kutoka chini kabisa, kwenye mizizi. Sasa yamefika kifuani na yameshikana hivi kwamba kuku wangu wamekata tamaa.

Watu hunipongeza. Husema, Mwalimu, umefanya kazi, sasa mzee yuko salama. Ninanyamaza, kwa sababu ningesema ningewatukana. Ua uliposhikana, mume wangu alikuwa ameacha kutembea. Miguu ilisahau baada ya kichwa. Miezi yote ile tuliyoipoteza kwa ukame, kwa dawa, kwa kukaa chini na kuelewana, ndiyo miezi ambayo angeweza kuzunguka peke yake nyuma ya nyumba, huru, nami nikiwa jikoni bila roho kunidunda. Alipata jioni chache tu. Aliibiwa hizo nyingine, na sitasamehe kwa sababu tu majani yamekuwa mazuri.

Nimekihamishia kitanda chake karibu na dirisha. Asubuhi namgeuza, namwosha, namlisha uji kwa kijiko. Mchana, akilala, natoka na mkasi mkubwa wa kukatia ua, maana baada ya mvua unarefuka upesi, na ukiuachia kidogo unaanza kukonda chini.

"Chini zaidi!" Shosho hunipigia kelele kutoka upande wake. Sasa amezeeka zaidi, hakati tena, anaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa na kutoa amri. "Unaogopa nini? Kata!"

Namwambia anyamaze, ua ni wa wote. Naye ananiambia nisimfundishe. Nami nakata.